Asante kwa Kuninyima

Mwokaji aliikunja karatasi ya tatu ikawa donge, akaitupa chini ya meza kuzifuata mbili za mwanzo.

"Andika tena," mama yake alisema bila kuinua macho kutoka kwenye pasi. "Na safari hii uache neno dhuluma."

"Ndilo neno lenyewe, mama."

Mwokaji alikuwa na haki ya kukasirika. Miaka minne amesimama mbele ya tanuri la kiwanda cha mikate, nyusi zimeungua mara mbili, na nafasi ya msimamizi wa zamu ilipotangazwa aliomba kama watu wote. Akaingia kwenye usaili na shati lililonyooka, akajibu kila swali, hata lile la kijinga la atakuwa wapi baada ya miaka mitano. Leo mchana kapewa bahasha: tunasikitika kukujulisha. Nafasi kaipata dada mmoja mpima unga wa kiwandani, ambaye mwokaji mwenyewe ndiye aliyemfundisha kuwasha tanuri bila kujiunguza.

"Na hilo koti la kazi unalipigia pasi ya nini? Kesho siendi."

"Basi usiende. Lakini barua utaandika."

"Watu watanicheka."

"Watacheka siku mbili, watachoka. Ukiondoka kwa kubamiza mlango, watakukumbuka kwa ule mlango."

Akachukua karatasi ya nne. Kalamu ikagoma, au mkono ndio uliogoma.

"Mkurugenzi alinitazama nusu saa nzima kama hanijui," alisema. "Kama hanijui kabisa! Yule ana roho ngumu kuliko mkate wa juzi."

"Huenda wenzake kwenye jopo walikuwa wanamtazama yeye."

"Wamtazame kwa lipi? Angesema tu nimekosa nini. Barua nzima haina sababu hata moja."

Pasi ilikaa mahali pamoja muda mrefu kidogo, mpaka chumba kikanuka kitambaa kilichoungua. Mama akaiinua haraka.

"Watu wa zamu wakigombana humwendea nani?" aliuliza.

Mwokaji aligeuzageuza kalamu mezani. Humwendea dada mpima unga. Wakimwendea mwokaji mwenyewe, ugomvi hupata mtu wa tatu. Alilijua hilo siku nyingi, na kulisikia kwa mama yake kulimchoma kuliko bahasha yenyewe.

"Asiyekubali kushindwa si mshindani," mama akaongeza.

"Hiyo umenilisha tangu darasa la kwanza."

"Na bado hujaimeza."

Alitaka kucheka, hasira ikamkatalia. Aliandika huku amekaza meno: anashukuru kwa kusailiwa, anampongeza dada aliyechaguliwa na atamsaidia kadiri awezavyo, na nafasi nyingine ikitokea, ataomba tena. Alipofika kwenye "ataomba tena" alikandamiza nukta kwa kalamu, kisha akatia sahihi. Kwa hiyo kesho angekwenda. Alijishangaa, na bado alikuwa na hasira.

Mama alizima pasi, akavaa miwani, akaisoma barua kwa kidole, mstari hadi mstari. Akairudia mara ya pili. Kisha akavua miwani, akaifuta kwa upindo wa kanga yake, ingawa haikuwa na vumbi.

"Imekaa vizuri," alisema. Sauti yake ilikuwa nzito.

Mwokaji akaitia kwenye bahasha, akaandika juu yake *Kwa Mkurugenzi*, akanyoosha mkono kumpa.

Mama hakuipokea.

"Nyumbani sichukui barua za ofisini," alisema. "Mwachie karani kesho asubuhi. Nikifika mezani kwangu nitaisoma."