Kijiko Katika Chai Isiyo na Sukari

Kabla ya alfajiri kijiko kiligonga kikombe jikoni, na Bi Tunu akashukuru kuwa mjukuu wake, Mashavu, kaamka salama. Miezi miwili ilikuwa imepita tangu madaktari wautengeneze moyo wa Mashavu.

Asubuhi ile, hospitalini, daktari alikipasha joto kiganjani kifaa chake cha kusikilizia, kisha akamsikiliza Mashavu kwa muda mrefu.

"Bibi, moyo una milango. Ule tulioupanua ulikuwa umebana, damu ikipita kidogo mno. Sasa inapita nyingi, ndipo tunausikia mlango unaofuata. Nao umebana."

"Zamani hamkuusikia?"

"Ule wa kwanza uliuficha. Utusamehe, bibi."

Bi Tunu hakumlaumu. Alikuwa akikikumbuka kile kijiko. Mashavu hatii sukari kwenye chai. Alikuwa akikoroga nini kila alfajiri?

"Nilikuwa nahema, bibi," Mashavu alimjibu alipomuuliza, walipokwisha kumlaza wodini. "Sikutaka usikie."

Bi Tunu alimfunika miguu, maana hakujua la kufanya jingine. Alipofika mlangoni alisikia nyuma yake kijiko kikizunguka ndani ya kikombe kitupu kilichokuwa kando ya kitanda.

"Bibi, kesho utakuja tena?"