Fundo Upande wa Ndani

Mgonjwa wa kitanda cha jirani alidai kwamba yule bibi wa pembeni alijichokonoa mguu asubuhi hiyo, wenzake walipokwenda kuoga. "Kajiparura kama kuku, sista! Kama unabisha, kaangalie mwenyewe."

Muuguzi alicheka tu. Usaha uliokuwa ukila mfupa wa muundi wa bibi ulishakauka. Jana kidonda kilikuwa kimefumba, na daktari akasema leo atamruhusu kwenda nyumbani.

Lakini alipoinama kumsafisha, aliona fundo la bandeji liko upande wa ndani. Yeye hulifunga nje siku zote, lisimuumize bibi akilala.

Akafungua polepole. Kidonda kilikuwa wazi, kibichi, na ukingoni palikuwa na alama ya ukucha, nyembamba kama uzi uliopinda.

"Bibi, wadudu wakirudi kwenye mfupa, mguu utakatwa. Si nilikueleza?"

"Ulinieleza, mjukuu wangu."

"Sasa?"

Bibi aliitazama mikono ya muuguzi iliyoubeba mguu wake, mmoja chini ya kisigino, mwingine chini ya goti.

"Kule nyumbani naongea na sufuria. Tangu tumzike babu yako, hakuna aliyenishika ila wewe."

Daktari alishaingia. Alikuwa akitaniana na wagonjwa wa mlangoni, akija kitanda kwa kitanda.

"Mwambie kimefumuka chenyewe," bibi alinong'ona. "Nisitiri, mjukuu wangu."

Muuguzi alichovya pamba kwenye dawa, akaanza kusafisha upya.