Sauti ya Nyati

Kwanza fundi cherehani alizima taa za rangi zilizozunguka hedifoni. Mlango wa stoo haukufika sakafuni, na mwanga ule wa kijani ungepenya hadi ukumbini. Kisha akafifisha kioo cha laptopu, akachomeka kipokezi cha hedifoni, akabonyeza kitufe cha pembeni na kukishikilia mpaka mlio mdogo ukamjulisha kuwa vimeunganika.

"Haya, sema kitu," mdogo wake alimwambia masikioni. Huyo mdogo mtu alikuwa fundi wa simu, na hedifoni hizo zisizo na waya zilitoka dukani kwake.

"Naitwa Nyati," fundi cherehani alinong'ona.

Kicheko kikalipuka. "Dada! Una sauti ya dalali wa ng'ombe!"

"Usinichekeshe. Jana programu ya kubadili sauti ilikwama, nikatamka neno zima kwa sauti yangu. Shemeji yako akanyamaza. Roho ilinitoka."

Wakapanga upya kila kitu. Maiki waliiongezea usikivu, ili mnong'ono tu utoshe. Sauti wakaishusha hadi ikawa nzito, ya mwanamume aliyeamka sasa hivi. Milio ya risasi za gemu wakaipunguza, sauti za wachezaji wakazipandisha, maana yeye hakuingia mle kupigana. Aliingia kusikiliza.

"Leo muulize," mdogo wake akasema. "Ukimuuliza kama mkewe, atakuwa mbogo. Mwanamume mwenzake atamwambia."

Tangu mgongo ulipomzuia kuendesha lori, mumewe alishinda chumbani na gemu lake. Mkewe akiingia, kicheko kinakatika. Siku za karibuni hata sahani aliipokea bila kumtazama usoni. Mtu hawi hivyo bure. Kulikuwa na mwanamke, na fundi cherehani alikusudia kumjua.

Akaagana na mdogo wake, akafungua gemu.

"Nyati! Umechelewa, kaka."

Sauti ya mumewe ilikuwa karibu mno, kana kwamba amelalia bega lake. Ilikuwa na uchangamfu ambao mezani hajausikia siku nyingi.

Wakavuka daraja, wakajibanza nyuma ya ukuta uliobomoka.

"Kaka," alinong'ona, "naona hauko sawa. Nyumbani kuna nini? Mwanamke?"

Mumewe akaacha kufyatua risasi.

Akatupia jicho programu. Sauti bado nzito. Au ameshanijua?

"Afadhali umeuliza," mumewe alisema hatimaye. "Hili sijamwambia mtu."

"Niambie mimi."

"Mke wangu ana bwana."

Fundi cherehani aliziba mdomo ili pumzi yake isisikike.

"Kila alasiri anajifungia. Nikivua hedifoni nikapita kwenda kunywa maji, namsikia ananong'ona. Juzi alikuwa anabembeleza kabisa: 'Umekwenda wapi? Rudi basi.' Kwa masikio yangu, Nyati! Na mimi niko huku na mgongo wangu mbovu, najiuliza nimemkosea nini."

Maneno hayo alikuwa amemwambia yeye mwenyewe, alipotoweka ghafla kwenye gemu. "Kaka, subiri kwanza..."

"Nimesubiri vya kutosha. Hata sasa hivi yumo humo ndani naye." Kiti kikaburutwa. "Leo hedifoni sivui, nataka uwe shahidi wangu. Usikate, kaka."

Alipapasa gizani akitafuta kitufe cha kuzima.

Mlango ukagongwa. Aliusikia masikioni mwake na nyuma ya mgongo wake kwa wakati mmoja.