Mlio wa Gari la Dwight

Mlio haukuwa wenyewe. Merle alizima injini, akatupa spana chini, akatazama dirisha la chumba cha mama yake.

Pazia lilitikisika. "Ni Dwight huyo?" mama akauliza kwa sauti nyembamba kama uzi.

"Bado, Mama," akajibu Lorene, dada yake Merle, kutoka ndani. "Ni Merle tu anahangaika na vyuma vyake."

Dwight asingekuja. Walimzika Septemba, baada ya gari lake kupinduka katika mbio za ziwa kavu, jangwani Mojave. Ekseli ya mbele ilikatika. Na ekseli ile aliichomelea Merle, mdogo wake. Kutoka makaburini Merle aliingia chumbani, akafunga mapazia, akalala. Krismasi ilimkuta amelala. Kisha mama naye akaanguka kitandani, akaanza kumwulizia Dwight kama mtu aliyetoka kwenda dukani. "Sifi," alisema, "mpaka nisikie gari la mwanangu likiingia uani."

Daktari Hanley alimpima, akatoka akitikisa kichwa. "Msimbishie. Kama kuna namna ya kumsikilizisha hilo gari, asikie. Ila uharakishe, Merle."

Ndipo Merle alipoinuka.

Kilabu chao cha mbio za magari kilikuwa na desturi yake: dereva akifa, gari lake linafunguliwa, na kila mwenzake anachukua kipande akifunge kwenye gari lake, marehemu aendelee kukimbia. Kwa hiyo gari la Dwight lilikuwa limetawanyika mji mzima. Merle alibisha mlango kwa mlango, kofia mkononi, akiomba vipande virudi. Huyu alitoa usukani, yule kabureta. Visivyopatikana alivitafuta kwenye uwanja wa magari mabovu: bodi ya Ford ya mwaka 1932 iliyoliwa na kutu, radieta ya gari la kupelekea maziwa, injini ya Mercury iliyogongwa ubavuni, ekseli ya lori. Hakuna kipande kilichomjua mwenzake. Alivikata, akavichomelea, akavilazimisha kuwa ndugu. Alipofika kwenye ekseli alikaa chini kwanza. Akachomelea. Akakagua, akachomelea tena.

Lakini mlio! Gari la Dwight lilikuwa likinguruma kwa kuchechemea, kama mtu anayecheka na chakula mdomoni. Hili lilinguruma kama la mtu yeyote. Kilichopungua ni kemshafti, ile fimbo ya chuma inayofungua valvu, ambayo Dwight aliichonga mwenyewe. Alikuwa nayo Buster Tuggle, ndani ya injini yake, na Jumapili Buster alikuwa na mbio.

Lorene akapita na sinia kutoka chumbani kwa mama. Mifupa ya kuku ilikuwa imesafishwa ikang'aa.

"Amekula?"

"Ameonja," Lorene akasema haraka. "Na wewe je?"

Merle alikuwa ameshaondoka.

Buster alimpokea mlangoni kwa kicheko. "Jamani, njooni mwone! Fagio limevaa kofia!"

"Buster, naomba kemshafti ya Dwight. Mama anakwisha."

"Nina mbio Jumapili, bwana."

"Najua. Ukitaka nitapiga magoti."

"Magoti gani, fupa wewe? Yako wapi?" Buster akamsukumia sahani ya maharage na mkate wa mahindi. "Kula kwanza. Mwenye tumbo tupu hachukui chuma kwangu."

Merle akala huku machozi yakidondokea maharage. Alipomaliza, Buster aliweka mezani kitu kirefu kilichofungwa katika kitambaa chenye oili. Kilikuwa kimeshatolewa kwenye injini. Merle hakuuliza kwa nini. Alikikumbatia kama mtoto, akakimbia.

Kesho yake, jua likiwa utosini, alikuwa bado anakaza boliti za mwisho, ngozi ya vidole imechubuka, Lorene alipochungulia dirishani.

"Harakisha, mdogo wangu! Anapumua kwa shida!"

Spana ikamponyoka. Akaiokota. Ikamponyoka tena. "Mama, nisubiri," alisema, "nisubiri kidogo tu." Stata hakuwa nayo. Alilisukuma gari peke yake mpaka barabarani, kwenye mteremko, akarukia ndani, akaachia klachi.

Gari likakohoa. Likanyamaza. Mteremko ulikuwa unakwisha. Likakohoa tena, na halafu likacheka.

Lilicheka kwa kuchechemea, chakula mdomoni. Merle akalisikia mgongoni, kifuani, kwenye meno. Akazunguka mtaa kwa kasi, ekseli ya mbele ikashika kona bila kulalamika, na bila kujua akajikuta naye anacheka kwa sauti, upepo ukimkausha macho. Akaingia uani kwa vumbi, kama Dwight alivyokuwa akiingia, akakanyaga mafuta mara moja zaidi chini ya dirisha la mama.

Pazia halikutikisika.

Akazima. Kimya. Akakimbia ndani, akasukuma mlango wa chumba.

Kitanda kilikuwa kitupu.

Merle aliegemea ukuta, akateleza mpaka sakafuni. Alikuwa amechelewa. Wameshamtoa. Akafunika uso kwa mikono yake yenye grisi.

Ndipo aliposikia, kutoka jikoni, mafuta yakichachatika kikaangoni, na juu yake sauti ya mama kwenye simu: haikuwa nyembamba tena, ilikuwa ile sauti yake ya zamani ya kuita watu mezani.

"Ndiyo, Daktari, mwanangu amerudi. Nimemwona kutoka dirisha la jikoni, Merle wangu, anaendesha huku anacheka. Sasa niambie: niendelee kufa, au inatosha?"