Jedwali la Ukurasa wa Mwisho

Mratibu wa elimu alikuwa ameshafungua kitabu changu cha hesabu katikati, na wembe ulikuwa mkononi mwake.

Kitabu kilikuwa kimoja, vijiji vitatu, na karatasi hazikupatikana wilaya nzima. Nilikiandika kwa mkono miaka miwili kwa ajili ya wanafunzi wangu watu wazima, na kila sura niliiegemeza kwenye nyingine.

"Sura za mwanzo zibaki hapa, za kati ziende Bukundi, za mwisho Mwandoya," alisema. "Ujamaa ni kugawana, binti."

"Haitafaa," nilisema. Sauti ilitoka ndogo mno.

"Anasemaje?" Mratibu aliuliza.

"Anasema kitabu ni chake," alijibu Malimi, mwalimu wa Bukundi, aliyetembea tangu alfajiri. "Mimi nina watu arobaini wanaandika mchangani."

Wembe ukapita kwenye mshono, nyuzi nilizozishona mwenyewe zikabaki zikining'inia.

Malimi akapokea fungu lake, akasoma swali la kwanza kwa sauti. "Gawa ng'ombe mia moja na nane katika maboma tisa. Tazama jedwali la kuzidisha, ukurasa wa mwisho."

Akapekua mpaka mwisho. Jedwali halikuwepo. Lilikuwa kwenye fungu la Mwandoya.

"Ndicho nilichokuwa nasema," nikasema, na safari hii wote walinisikia.

Malimi alinitazama kidogo. Kisha akavua shati lake jeupe, akalitandaza mezani mbele yangu.

"Andika jedwali hapa mgongoni, Mwalimu. Tarakimu kubwa, wa nyuma nao waone."