Samaki wa Ishirini

Samaki wa ishirini alipasuliwa, naye akakutwa na mayai.

"Jike," alisema Jean-Paul, bwana samaki, akifuta kisu kwenye majani. "Yote ni jike, shefu. Dume hakuna."

"Mayai tele, watoto hakuna!" Bwana Silvère alifoka. "Hata samaki wa hapa Niboye ni wavivu!"

Aliitazama saa yake. Saa nne hiyo wakubwa wangefika, na cheo cha mjini alichokitamani kilikuwa mikononi mwao. Alikuwa amewaahidi mambo mawili mwaka huo wa 1992: bwawa linalozaa na kilima kisichozaa. Silvère alikuwa afisa wa uzazi wa mpango, na wanawake arobaini na saba wa kilimani walimeza vidonge vyake kila siku. Ushahidi alikuwa nao: kila mwezi pakiti tupu arobaini na saba ziliwasili barazani kwake. Kupanda huko juu mwenyewe, hata siku moja! Matope yangemharibia viatu. Washamba wale, alipenda kusema, huchungwa kwa mbali kama mbuzi.

"Nani anawalisha samaki?" aliuliza Jean-Paul.

Silvère alimwonyesha kwa kidevu bibi kizee aliyekaa ukingoni na kapu la pumba mapajani. Ndiye Mukandekezi, kiongozi wa wanawake wale. Silvère alikuwa amemtwisha kulisha samaki bure, juu ya kazi ya kukusanya pakiti.

"Bibi, unawapa nini?"

"Pumba, mwanangu. Natwanga mimi mwenyewe, tangu samaki iko bado kadogo kabisa. Vyote naweka ndani ya maji. Hakuna kitu natupa."

Silvère alicheka kwa dharau. "Unamuuliza huyu? Hata jina lake hajui kuliandika."

Jean-Paul alichota pumba, akazisugua kati ya vidole. Zilimwachia unga mweupe kama chaki.

"Shefu, homoni ya kike ikiingia majini samaki wakiwa wachanga, hata dume inageuka jike. Tulifundishwa hivyo chuoni. Lakini homoni kama hiyo itatoka wapi hapa?"

"Upuuzi mtupu! Chuo chenyewe kilikupa cheti kwa huruma. Fukia hao samaki na ufunge mdomo. Bado nina wanawake wangu."

Honi ikalia barabarani. Silvère akakaza tai, akavaa tabasamu, akamwamuru Mukandekezi awaite wenzake waje wasimame mbele ya wageni.

Bibi kizee aliinuka taratibu, akapiga kigelegele kimoja kirefu.

Juu kule migomba ikatikisika. Walishuka wakiimba, wote arobaini na saba, wala hakuna aliyeweza kuharakisha. Kila mmoja alishika pakiti tupu kwa mkono mmoja, na wa pili ameuweka kiunoni, kuusaidia mgongo kubeba tumbo.