Likizo ya Baba Watoto

Suruali ya jeshi ilifika mapajani ikagoma. Askari akavuta pumzi, akarukaruka kama anayekanyaga makaa, akaivuta tena. Ikagoma vilevile.

"Nimenenepa," alisema kwa mshangao.

"Umenenepa, baba watoto," alijibu mkewe bila kuinua macho kwenye cherehani. "Chakula cha nyumbani hicho. Sasa jeshi litakupeleka wapi na tumbo hilo?"

Hakuwa amenenepa hata chembe. Mkewe alikuwa fundi nguo, na mumewe alipokwenda kunyolewa aliibana suruali ile pande zote mbili, kwa mshono safi ambao hata fundi mwenzake asingeushuku. Mama mkwe wake, mzazi wa askari, naye alitimiza sehemu yake. Alikuwa amezizamisha buti ndani ya pipa la maji, na sasa mwenyewe alikuwa kitandani, shuka hadi kidevuni, akiugulia.

"Tumbo, mwanangu. Sijui kama nitaamka."

Askari akainama, akamtegea sikio la kushoto. La kulia bomu lilikuwa limelizima kama mtu anavyozima redio.

"Jana ulikuwa mgongo, mama."

"Umehamia tumboni."

Mkewe akasimamisha cherehani. "Hivi hiyo likizo yako inaisha lini hasa?"

"Imekwisha."

"Jana uliniambia bado."

"Jana ilikuwa bado."

"Na unarudi kwa ajili ya nani? Usiniambie nchi."

Askari aliketi ukingoni mwa kitanda, suruali ikiwa imekwama mapajani. "Nchi ina watu wengi," alisema. "Narudi kwa ajili ya Kasuku."

Kasuku alikuwa mwenzake kikosini, mtu aliyenyamaza akilala tu, na hata hapo si kila siku. Bomu lililochukua sikio la mmoja ndilo lililochukua jicho la kushoto la mwingine. Zamani meza ya kikosi chao ilijaa hadi wengine wakala wamesimama. Siku za mwisho walikuwa wakila wao wawili, mmoja kila upande, ili meza isionekane tupu.

"Kushoto haoni kitu," alisema askari. "Nisipokuwa hapo, nani atamwambia kuna shimo?"

"Na mimi, nani atakaa kushoto kwangu?"

"Wewe una macho mawili, mama watoto."

Mkewe akaanza tena kuikanyaga cherehani, kwa hasira zaidi.

"Tena nilimwahidi," aliendelea mumewe. "Tulipoagana hospitalini aliniambia anapumzika kidogo tu nyumbani, kisha anarudi kikosini. Nikamwambia na mimi vivyo hivyo. Sasa nimwache akanitafute?"

Aliivaa suruali kwa nguvu, kifungo wazi, akaficha aibu kwa mkanda. Buti alizitafuta hata chini ya kuku anayeatamia, akazikosa, akavaa ndala. Mama mkwe alipoona mambo yameharibika, akapona papo hapo. Akaruka kitandani, akasimama mlangoni mikono kiunoni.

"Mkwe wangu, usimwache. Nenda naye."

Mkewe alikwishajifunga kitambaa kichwani. "Nakwenda. Huyo mkubwa wao leo tutaonana ana kwa ana."

Askari alipinga hadi kituoni. Kwenye basi mkewe alichagua kukaa upande wake wa kulia, wa sikio bovu, akamsema kwa raha zake mpaka wakafika kambini.

Nje ya lango, begi begani na kitambaa cheusi jichoni, alisimama Kasuku.

"Umechelewa, kiziwi wewe," alisema. "Niko hapa tangu asubuhi. Sajenti anasema nisubiri amalize chai, sijui chai gani hiyo isiyofika chini. Na suruali hiyo umeazima kwa mwanao? Shemeji, karibu. Mama yangu kanifungia ndani, nimetokea dirishani. Utu uzima huu, dirishani."

Mkewe askari alikuja akiwa amejiandaa kumchukia mtu huyu. Lakini alimwona mumewe akihamia kushoto kwa Kasuku bila kuambiwa, kama mtu anayekaa kwenye kiti chake. Bega likagusana na bega. Kasuku akaendelea kusimulia habari za dirisha, moja kwa moja kwenye sikio lisilosikia, na mumewe akaitikia kwa kichwa kana kwamba hakosi hata neno. Tangu arudi nyumbani, hakuwa amewahi kumwona ametulia vile.

Hata hivyo hakuwa amepanda basi umbali wote ule ili aje kutazama mabega.

Lango likalia. Sajenti akatoka, kikombe mkononi.

"Afande, samahani," alisema mkewe askari. Sauti aliyoipanga njia nzima ilikuwa ya ukali. Iliyotoka ilikuwa nyingine. "Sikuja kugombana. Naomba mume wangu aongezewe likizo, hata wiki moja. Mama yake mgonjwa, viatu hana, na suruali ndiyo hiyo unayoiona. Na huyu mwenzake mwongezee pia, wakapumzike pamoja."

Sajenti aliitazama suruali kwa muda, akazitazama ndala, akamalizia na begi la Kasuku. Chai ikapoa.

"Likizo gani, mama? Hawa tuliwaachisha jeshi siku ile ile waliyotoka hospitali. Mmoja sikio, mmoja jicho. Wamekwishapigana vya kutosha, wakae nyumbani wazeeke." Akawageukia. "Nyinyi, nani kawaita hapa?"

Wanaume wale wawili wakatazamana. Kisha kila mmoja akamnyooshea kidole mwenzake.